Mkojo wa Alfajiri

"Mkojo wa Kulsum! Nani kaleta mkojo wa Kulsum?"

Sauti ilitoka kwenye kidirisha cha maabara ya hospitali, na watu waliokaa kwenye mabenchi wakageuka kumtafuta mwenye mkojo. Mzee Jafferji aliinuka polepole. Kwa miaka arobaini na miwili alikuwa akiuza vifungo, zipu, lesi na nyuzi katika duka lake la Usagara, na nusu ya mafundi cherehani wa mji wa Tanga walimjua. Mmoja wao, fundi Safari, alikuwa papo hapo kwenye benchi la mbele, ameshika karatasi yake ya vipimo. Fundi akainamisha macho haraka akajifanya anaisoma. Heshima hiyo ilimuuma mzee kuliko kama fundi angecheka.

"Ni mimi," alisema kwa sauti ya chini. "Majibu tayari?"

Binti wa mapokezi alikuwa keshamgeukia mwingine. "Subiri hapo pembeni, mzee. Dada Devota anataka kukuona."

Devota, mtaalamu wa maabara, alitoka akikausha mikono. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwili umejaa, koti jeupe limekatika kifungo cha tatu. Mzee alikiona kifungo kile kabla hajauona uso wake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu."

"Huu mkojo uliouleta jana siwezi kuutolea majibu. Nimeuotesha, vikaota vitu vya kila namna, vitatu, vinne. Kuna vijidudu vya ngozi humo, kuna vya kwenye chombo. Nikikuandikia jibu hapo nitakuwa nakudanganya. Kwani mliuchukuaje?"

Mzee alitazama nyuma yake. Mabenchi yalikuwa kimya kabisa. "Hatuwezi kuzungumzia ndani?"

"Ndani hairuhusiwi kuingia. Njoo huku." Akamtangulia hadi kwenye kibaraza, karibu na pipa la maji, na huko mzee akaeleza. Mkewe alikojoa kwenye beseni saa mbili asubuhi. Yeye akamimina kwenye kikombe walichopewa na hospitali, akakiweka chini ya kaunta, akafungua duka kwanza, maana Jumatatu mafundi huja wengi. Alifika hapa saa tano.

"Saa tano!" Devota alishika kiuno. "Mkojo ukikaa muda wa saa tatu kwenye joto hili, wadudu wanazaana humo humo. Tunarudia."

"Basi daktari ampe dawa tu, dawa kali. Mke wangu leo ni siku ya nne ana homa."

"Kali kwa nani, mzee? Mwaka huu ameshakunywa zipi?"

Mzee akazitaja akihesabu kwa vidole: amoksilini, septrini, sipro, kisha amoksilini tena. Kila mkewe alipoanza kuungua wakati wa haja ndogo, alimpa. Alipata nafuu siku mbili tatu, halafu maumivu yakarudi.

"Aliandikiwa na nani?"

Mzee aligeukia pipa la maji. Devota hakumkazania. Alitoa kikombe kipya mfukoni, bado kimo kwenye nailoni yake, akamwelekeza taratibu kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Alfajiri anapoamka, mama aoshwe vizuri kwa maji safi na sabuni. Mkojo wa mwanzo auache uende. Kikombe kikinge ule wa katikati, kisiguse mwili, na kidole kisiingie ndani. Kifuniko kifungwe papo hapo. Kisha aje mbio.

"Zamu yangu ni saa moja, lakini kesho nitawahi kwa ajili yako."

"Nani amwoshe?" mzee aliuliza. "Hana nguvu za kuinama."

"Huna binti?"

"Raheel yuko Arusha."

"Basi utamwosha wewe," Devota alisema. "Si mkeo?"

*

Waliishi ghorofani, juu ya duka. Jioni ile Raheel alipopiga simu, baba yake alimwambia ni homa tu, inashuka. Haikuwa inashuka. Kulsum alilala amejikunja ubavu, shali mpaka shingoni, na alipoelezwa maagizo ya Devota alifumba macho.

"Nimwite Mwatumu?" mzee aliuliza. Mwatumu alikuwa jirani yao wa chini, mjane aliyekuwa akipika vitumbua, mtu mwema.

"Mwatumu? Nitamtazamaje usoni baada ya hapo? Hapana."

"Basi ni mimi."

"Wewe!" alisema Kulsum, akageukia ukutani.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, mzee alipasha maji jikoni, akayapima joto kwa kiwiko kama walivyokuwa wakiyapima ya Raheel alipokuwa mchanga. Alimnyanyua mkewe, akamkokota hadi bafuni, akamkalisha kwenye kigoda karibu na tundu la maji. Alikuwa mwepesi. Mzee hakujua amepungua lini.

"Zima taa," Kulsum alisema.

"Nikizima sitakiona kikombe."

"Fumba macho, basi."

"Kulsum."

Kwa kawaida alimwita Mama Raheel. Jina lake alilitaja mara chache, na kila mara lilikuwa na uzito wake. Kulsum aliinua gauni mwenyewe, akatazama dari. Mzee alichuchumaa, magoti yakalia. Walikuwa na miaka arobaini na minne ya ndoa na hakuwahi kumwona hivi, kwenye mwanga, mzee kama yeye mwenyewe. Alimwosha polepole kwa mkono uliozoea kushika vitu vidogo, akammiminia maji, akaosha tena. Machozi yalimtiririka Kulsum kuelekea masikioni, na mzee akajifanya hayaoni.

"Haya. Sasa kojoa kidogo, huo wa kwanza uende."

Walingoja. Mkojo haukuja.

"Hautoki na wewe umenikodolea macho."

Mzee akageuza uso, akafungua bomba litiririke. Bado. Kwa kukosa la kufanya, akaanza kusema.

"Jana wamelitaja jina lako mbele ya watu wote hospitalini."

"Jina langu? Kwa nini?"

"Yule binti alitoa kichwa dirishani, akapiga ukelele: Mkojo wa Kulsum! Nani kaleta mkojo wa Kulsum! Na fundi Safari amekaa hapo."

"Fundi Safari!"

"Akasoma karatasi yake. Nadhani aliishika juu chini."

Kulsum alianza kucheka. Kilikuwa kicheko chembamba cha mgonjwa, kikamtikisa mabega, na mara mkojo ukaja. "Kinga!" alisema. "Kinga sasa, umekuja!"

"Bado, huo wa kwanza..."

"Kinga, wewe!"

Alikinga. Ulimlowesha kifundo cha mkono, na hakujali. Kikombe kilipofika nusu akakitoa, akafunga kifuniko kwa nguvu, wakatazamana wote wawili wakihema, kama watu waliofukuza kuku na hatimaye wakamkamata.

*

Saa kumi na mbili na dakika ishirini bodaboda ilimshusha mlangoni mwa maabara, kikombe kimefungwa kwenye leso kifuani. Devota alikuwa ameshafika. Aliuinua mkojo kwenye mwanga, akaandika saa yake kwenye kitabu.

"Safi. Huu sasa ni mkojo. Leo Jumatano nauotesha, kesho naona kilichoota, halafu nakijaribu na dawa mbalimbali. Ijumaa asubuhi njoo."

"Ijumaa ni mbali."

"Wadudu hawaoti kwa kuharakishwa, mzee."

Alasiri ya siku ile ile Kulsum alianza kutetemeka, meno yakagongana. Mwatumu alipanda juu bila kuitwa, akamvisha, wakamshusha wote wawili wakampakia kwenye bajaji. Wodini, Dokta Innocent, kijana mwenye macho ya usingizi, alimgusa mgonjwa kiunoni nyuma, na Kulsum akapiga yowe. Maambukizi yamepanda kwenye figo, dokta alisema. Akauliza kama mkojo umepelekwa kuoteshwa.

"Leo alfajiri."

"Vizuri sana. Maana nikishamwekea dawa, mkojo wa baadaye hautatuambia ukweli. Nitaanza na sindano tunayoitumia siku zote, seftriaksoni. Majibu yakija, tutajua kama tuko sawa."

Dripu ilitundikwa. Mzee alikaa kwenye kiti cha plastiki akayahesabu matone, akiamini kila moja.

Alhamisi homa haikushuka. Mchana Kulsum alifumbua macho, akamtazama mume wake kwa adabu, kama anavyotazamwa mtu baki.

"Samahani," alisema. "Wewe ndiye mwenye hospitali?"

"Mimi? Ni mimi, Mama Raheel."

"Mume wangu yuko dukani. Akifunga atakuja." Alihangaika na shuka. "Ana moyo wa wasiwasi. Mkimwambia naumwa sana hatakula."

Mwanamke mmoja wa kitanda cha jirani akajitanda khanga usoni.

"Utamwambia?" Kulsum aliuliza.

"Nitamwambia nini?"

"Ale."

"Nitamwambia," alisema mzee Jafferji. "Nitamwambia ale."

*

Alhamisi hiyo hiyo, Devota alitoa sahani kutoka kwenye kabati la joto, akaona alichokuwa akikitaka: kijidudu cha aina moja tu, kimeota safi, hakuna mchanganyiko. Alikipaka kwenye sahani nyingine, juu yake akapanga vipande vidogo vya karatasi vya mviringo, kila kimoja kimelowekwa dawa yake, akakirudisha kwenye joto. Angeweza kuondoka saa tisa na nusu kama wenzake. Alibaki akipanga upya chupa zilizokwisha kupangwa, na njiani kurudi nyumbani aliona aibu kidogo, kwa sababu kazi hii hufanywa kwa namba na yeye alikuwa akiifikiria kwa jina.

Ijumaa saa moja kasorobo aliitoa sahani, akachukua rula. Alipima mara mbili. Kisha hakuiweka fomu kwenye sanduku la majibu ambalo wahudumu wa wodi hulichukua saa nne. Alimpigia simu Dokta Innocent kwanza, akamsomea dawa moja moja, naye akairudia kila moja kwa sauti. Alipokata simu alimwona mzee Jafferji kwenye kidirisha, kofia mkononi, ndevu nyeupe zimechipua mashavuni.

"Mzee, majibu yapo. Nimeshamwambia daktari, anabadilisha dawa sasa hivi."

"Nionyeshe."

"Fomu?"

"Hicho kitu chenyewe. Mimi nimepima vitu maisha yangu yote. Nionyeshe."

Devota alisita. Kisha akafunga kioo cha kidirisha, akaileta sahani iliyofunikwa, akaiinua nyuma ya kioo, akasema kwa kuinua sauti kidogo ipite kwenye kitundu.

"Huu ukungu wa maziwa uliotanda kote ndio wadudu wenyewe. Hivi vidude vyeupe ni dawa. Dawa ikimweza mdudu, haoti karibu nayo, pembeni panabaki duara tupu. Isipomweza, anaota mpaka mlangoni."

Mzee alisogeza uso hadi pumzi yake ikatia mvuke kwenye kioo. Akaufuta kwa kofia.

"Hii?"

"Septrini."

Ukungu ulikuwa umeigusa karatasi pande zote.

"Hii?"

"Amoksilini. Na ile pembeni yake ni sipro."

"Hazina duara."

"Hazina."

"Na hii yenye kaduara kadogo?"

"Hiyo ndiyo inayoingia kwenye dripu tangu juzi. Kaduara kenyewe hakatoshi, nimekapima. Kwa hesabu zetu ni kama hakapo." Akaigeuza sahani. "Tazama hapa. Hii ni amikasini."

Pale palikuwa na duara pana, tupu, limekatwa safi.

Mzee alilitazama kwa muda mrefu. Devota alidhani angeshukuru. Badala yake alisema, "Hizo zisizokuwa na duara zote nilimpa mimi. Vidonge vilivyobaki nyumbani, vya huyu na vya yule, nilivitunza. Nilidhani ninajua. Kwa hiyo ni mimi."

Devota alishusha sahani. Angeweza kusema siyo, na mzee angeshukuru kwa uongo huo. "Ni mdudu, mzee," alisema. "Wewe umemfundisha kidogo kuzizoea dawa. Wengi wanafanya hivyo, mimi naona sahani kama hii kila wiki. Lakini mkojo wa asubuhi ya juzi uliuchukua vizuri kuliko wauguzi wengine ninaowajua. Bila ule, tungekuwa bado tunabahatisha." Akachukua karatasi, akaandika namba. "Sasa sikiliza. Famasi yetu ina sindano za siku mbili tu, nimeshauliza. Huyu ni mwenye famasi wa Muheza, anazo. Mpigie, atampa kondakta wa basi."

Mzee alizipokea kesho yake kituo cha mabasi, zimefungwa kwenye gazeti ndani ya mfuko wa machungwa. Hakutaka kondakta azitupe dirishani kama mizigo mingine. Alimsihi ateremke, amkabidhi mkononi, na abiria wakamlalamikia kwa kuwachelewesha. Aliwaomba radhi mmoja mmoja.

*

Dokta Innocent alipima figo kwanza, akaona zingeistahimili dawa, sindano ya kwanza ikachomwa Ijumaa kabla ya saa tatu. Siku ile hakikubadilika kitu. Jumamosi homa ilishuka mchana ikapanda tena jioni. Raheel, aliyeambiwa mama amelazwa kwa homa, alifika na basi la Arusha, akamkuta baba yake amelala ameketi, akamlazimisha aende nyumbani akaoge. Alikwenda, akaoga, akarudi bila kunyoa.

Jumapili asubuhi alikuwa akimlainishia mkewe mkate kwenye chai, Raheel ametoka kutafuta maji ya moto, aliposikia sauti.

"Hujanyoa."

Aliinua kichwa. Kulsum alikuwa akimtazama kwa kero ya kawaida, ile ya miaka yote.

"Unanijua?"

"Nani mwingine anaweza kutoka nyumbani na uso huo?"

Mzee aliweka kikombe chini kwa sababu chai ilikuwa ikimwagika. Alimshika mkono ule usio na mpira wa dripu. Hakuanza na furaha. Alianza na lile alilolibeba tangu Ijumaa. Alimweleza sahani, ukungu, karatasi zisizo na duara.

"Dawa zangu zote. Hata moja haikumfanya mdudu kitu. Nilikuwa nakuharibu, nikidhani nakutibu."

Kulsum alifikiri. "Zile za kwenye kopo la biskuti?"

"Hizo hizo."

"Ulidhani nazimeza?"

"Kila siku uliniambia umemeza."

"Siku mbili nilimeza. Tumbo likichafuka, nazirudisha kwenye kopo. Sikutaka uniulize maswali."

"Na mimi nilikuwa nikifungua kopo, nikiona zimebaki, nashukuru Mungu kwamba zipo. Nakupa tena."

"Zile zile?"

"Zile zile."

Mgonjwa wa kitanda cha pili, aliyekuwa akisikiliza bila kujificha, ndiye aliyeanza kucheka. Kulsum akamfuata, akajishika ubavu uliomuuma. Mzee hakucheka. Aliuinamia ule mkono akaweka paji la uso wake juu yake, na mkewe akaupapasa utosi wake wenye upara mpaka Raheel aliporudi na chupa ya maji, akasimama mlangoni, asijue kama aingie.

"Baba, kuna nini? Daktari kasemaje?"

Mzee alijifuta uso. Wiki nzima alikuwa amemwambia ni homa. "Ni mkojo, mwanangu," alisema. "Njoo ukae, nikueleze vizuri."

*

Sindano ya saba ilichomwa Alhamisi, na Ijumaa asubuhi Kulsum akaruhusiwa. Raheel alikwenda kumalizia mambo ya bima, akawaambia watangulie na bajaji.

Ngazi za kwenda ghorofani zilianzia barabarani kabisa, ubavuni mwa mlango wa duka, na mlango wake ukifunguliwa kila apitaye huona ndani. Mzee alipanda nyuma ya mkewe, mikono ameitanguliza, bila kumgusa. Walipanda moja, wakasimama. Moja, wakasimama. Ya saba Kulsum alishika ukuta.

"Hapa," alisema, akaketi kwenye ngazi.

Mzee aligeuka nyuma kutazama barabara. Watu walikuwa wakipita. Mwuza magazeti alisalimu kwa mkono. Siku nyingine angemwambia ajikaze kidogo, zimebaki chache, wasionekane. Alikunja kanzu, akaketi kando yake. Ngazi ilikuwa nyembamba, bega likabanana na bega.

Mwanamke mmoja mwenye mkoba wa vitambaa alisimama mbele ya duka lililofungwa, akavuta kufuli, kisha akachungulia ngazini.

"Shikamooni. Mzee, hujafungua leo?"

"Marahaba. Sijafungua."

"Nataka lesi mita mbili tu, nina nguo ya mtu."

Mzee alianza kuinuka kwa mazoea, mkono umeshaingia mfukoni kutafuta funguo. Kulsum akamshika kanzu.

"Kesho, mwanangu," alimwambia yule mwanamke. "Leo ana shughuli."

Mwanamke aliwatazama, wazee wawili waliokaa ngazini hawafanyi lolote. "Haya, mama. Kesho," akasema, akaenda zake.

"Shughuli gani niliyo nayo?" mzee aliuliza.

"Mimi," alisema Kulsum, akamlalia begani.